Buta: Seminari Iliyokataa Kugawanyika

Seminari ndogo ya Buta, kwenye milima ya baridi ya kusini mwa Burundi, inajulikana duniani kwa alfajiri moja. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi wenye bunduki waliingia bwenini, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Arobaini kati yao wakauawa. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, katika mahubiri, katika vitabu na katika semina za amani, na karibu kila inaposimuliwa huanzia mlangoni mwa bweni na kuishia makaburini.

Inafaa tuanze mbali zaidi ya hapo. Vijana wa kati ya miaka 15 na 20, wameamshwa na milio ya risasi gizani, hawalipati jibu la namna ile papo hapo. Walilelewa hadi wakawa watu wa kulitoa. Palikuwa na walezi, palikuwa na mikutano migumu iliyoendelea kwa zaidi ya miaka mitatu, na kabla ya hapo palikuwa na taasisi yenye maisha yake, iliyojengwa katika mkoa ambao pengine ulikuwa mgumu kuliko yote nchini kwa kazi hiyo.

Jimbo la Bururi liliundwa mwaka 1961, likakabidhiwa kwa Askofu Joseph Martin, Mmisionari wa Afrika, mmoja wa wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Burundi ilikuwa inajiandaa kwa uhuru, uliopatikana tarehe 1 Julai 1962, na kila jimbo jipya lilihitaji mahali pa kuwalea mapadre wake wenyewe. Buta ilizaliwa katika miaka hiyo ya 1960, kilomita chache kutoka Bururi mjini. Msomaji wa Tanzania, Kenya au Kongo anaijua vizuri aina hii ya shule: sekondari ya bweni ya wavulana, kengele ya alfajiri, misa kabla ya chai, darasa, mpira, kazi za mikono, masomo ya jioni, halafu kimya hadi asubuhi. Wachache huendelea hadi upadre. Walio wengi hutoka humo kuwa walimu, madaktari, maofisa na wafanyabiashara, na kila walipo hutambuana kwa jina la shule yao.

Lakini Bururi haikuwa mkoa wa kawaida. Marais watatu wa kijeshi waliotawala Burundi mmoja baada ya mwingine, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, wote walizaliwa Rutovu, tarafa moja ya mkoa huo. Wote walikuwa Watutsi, na jeshi lililowaweka madarakani lilikuwa na maofisa wengi wa Kitutsi kutoka vilima hivyohivyo. Mtoto wa Kihutu aliyepelekwa kusoma Buta alikuwa anakwenda kuishi nyumbani kwa wenye nchi. Na mtoto wa Kitutsi wa Bururi alikuwa anakua akisikia kwamba huko chini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuna watu wanaosubiri siku yao.

Siku hiyo ilifika mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili waasi wa Kihutu walizuka Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakawaua Watutsi wengi, raia wasio na silaha. Serikali ya Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kudumu kwa miezi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Wahutu kati ya 100,000 na 300,000 waliuawa, na waliotafutwa kwanza ni wale waliosoma: walimu, makarani, mapadre, wauguzi, wanafunzi. Malori yalifika mashuleni na vyuoni. Majina yakasomwa kutoka kwenye orodha, vijana wakapanda, hawakurudi. Upande huu wa ziwa tunaijua sehemu iliyobaki ya habari hiyo, kwa sababu walioponea waliingia Kigoma kwa mitumbwi na kwa miguu, na wengi wakapelekwa kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao na wajukuu wao tumesoma nao.

Nimekaa kwenye mwaka 1972 kwa sababu ndio uliozifundisha shule za Burundi somo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote. Familia za Kihutu zilijifunza kwamba kumsomesha mtoto ni kumweka kwenye orodha. Familia za Kitutsi zilijifunza kwamba jirani anaweza kugeuka usiku mmoja. Zote zilijifunza kunyamaza. Serikali zilizofuata zikakifanya kimya hicho kuwa sera. Chini ya Bagaza, kutaja hadharani maneno Hutu na Tutsi kulihesabiwa kuwa uchochezi. Rasmi kulikuwa na Warundi tu, lugha moja, bendera moja, na kaulimbiu ya taifa inayoanza na neno Umoja.

Chini ya kimya hicho, hesabu iliendelea. Katika miaka ya 1980 ilikuja kujulikana kwamba karatasi za watoto waliofanya mtihani wa taifa wa kuingia sekondari zilikuwa zikitiwa alama ndogo: herufi i kwa Mtutsi, u kwa Mhutu. Herufi moja tu, ya kalamu, pembeni mwa jina. Mtoto wa miaka 12 au 13 alikaa kwenye dawati lake akajibu maswali ya hesabu na Kifaransa, asijue kwamba karatasi yake itasomwa kwa macho mengine kabla ya kusahihishwa. Mwalimu wake huyohuyo, asubuhi, alimfundisha somo la uraia na kumwambia kuwa taifa ni moja. Sijui uharibifu wa elimu ya uraia ulio mkubwa kuliko huo. Mtoto akija kugundua, na watoto hugundua, hatalitilia shaka lile la i na u. Atalitilia shaka somo lenyewe.

Kanisa nalo lilikuwa na mtihani wake. Bagaza aliliona kama dola ndani ya dola. Aliwafukuza wamisionari wengi, akapiga marufuku misa za siku za kazi, akafunga shughuli za katekesi, na mwaka 1986 serikali yake ikazitaifisha seminari ndogo za Kikatoliki. Askofu wa Bururi wakati huo alikuwa Bernard Bududira, aliyeliongoza jimbo kuanzia mwaka 1973 hadi kifo chake mwaka 2005, na aliyemkabili rais ambaye alizaliwa katika jimbo lake mwenyewe. Buyoya alipomwondoa Bagaza mwezi Septemba 1987, vikwazo hivyo vililegezwa na shule zikarudi mikononi mwa maaskofu. Nadhani kipindi hicho kifupi kina uzito mkubwa kuliko kurasa kinazopewa katika historia nyingi. Taasisi iliyowahi kunyang'anywa huanza kujiuliza ipo kwa ajili gani. Kama kazi ya seminari ni kufaulisha tu, serikali nayo iliweza kufaulisha. Lazima kulikuwa na jambo jingine ambalo Kanisa lilirudishiwa shule ili lilifanye.

Jibu halikuja mara moja, na lilipokuja lililetwa na msiba.

Mwezi Juni 1993 Burundi ilifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, na Melchior Ndadaye akawa rais wa kwanza Mhutu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, baada ya siku zipatazo mia moja tu madarakani, aliuawa na wanajeshi. Vilima vikalipuka. Watutsi waliuawa kwa maelfu na majirani zao, Wahutu waliuawa kwa maelfu na jeshi na vikundi vya vijana. Shule hazikusalimika. Kibimba, kwenye barabara ya Gitega, makumi ya wanafunzi wa Kitutsi walifungiwa katika jengo la kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Mwezi Juni 1995, katika Chuo Kikuu cha Burundi mjini Bujumbura, wanafunzi wa Kihutu waliuawa usiku mabwenini na wanafunzi wenzao. Shule nyingi zikageuka za kabila moja bila tangazo lolote. Wazazi waliwahamisha tu watoto, na asubuhi moja mwalimu akajikuta anaita majina ya upande mmoja.

Buta haikugawanyika, ingawa haikuwa mbali na kugawanyika. Wanafunzi walikuwa na redio, walikuwa na barua kutoka nyumbani, walikuwa na maiti za ndugu zao kichwani. Gombera, yaani mkuu, wa seminari katika miaka hiyo alikuwa Padre Zacharie Bukuru. Baadaye aliandika kitabu kwa Kifaransa kuhusu vijana wake, kilichochapwa Paris mwaka 2004, na kutokana na ushuhuda wake tunajua kilichofanyika ndani ya uzio wakati nje kunaungua.

Alichagua njia ambayo karibu kila mkuu wa shule angeiogopa. Aliwaacha waseme. Waliketi pamoja, Wahutu na Watutsi, na neno lililokuwa mwiko nchini kwa miaka ishirini likawekwa katikati yao: kabila. Waliizungumzia historia ya nchi, waliyazungumzia mauaji, walieleza hofu zao na hasira zao mbele ya wale waliowaogopa. Mazungumzo hayo hayakuwa matamu. Katika Burundi ya miaka ile karibu kila bweni lilikuwa na mtoto ambaye babu yake alipandishwa lori mwaka 1972, na kitanda cha tatu kutoka kwake kulikuwa na mwingine ambaye shangazi yake alikatwa mapanga mwaka 1993. Kila mmoja alikuwa amelelewa kwa kuamini kwamba msiba wake ndio msiba, na kwamba ule wa mwenzake ni uongo, au ni malipo, au umetiwa chumvi. Kuketi mkabala na mwenzako unayelala naye bweni moja, ukamsikia akitaja jina la marehemu wake, ukajua kwamba huyu unayemjua kwa kucheka kwake na kwa kukoroma kwake hawezi kuwa anabuni: hilo halifundishwi kwa bango ukutani.

Hapa ndipo penye kiini cha historia ya Buta, kwa maoni yangu. Tumezoea kudhani kwamba heshima kati ya makabila au dini hulindwa kwa kutozitaja. Shule nyingi za Afrika Mashariki, za serikali na za madhehebu, zina kanuni hiyo hata kama haijaandikwa: hapa hatuongelei mambo hayo, hapa sote ni wanafunzi. Nia yake ni njema. Lakini Burundi ilikuwa imeijaribu kanuni hiyo kwa nguvu zote za dola, na matokeo yake yalikuwa ni herufi i na u zilizofichwa pembeni mwa karatasi. Buta ilifuata njia ya pili. Iliyataja, ikayajadili mchana kweupe, chini ya uangalizi wa watu wazima waliokuwa tayari kuvumilia machozi na matusi hadi yaishe. Wanafunzi hawakuambiwa kwamba Hutu na Tutsi si kitu. Waliachwa wagundue kwamba kuna kitu kikubwa zaidi kinachowaunganisha, na wakikitaja kitu hicho walikiita kwa jina la imani yao, udugu.

Mrundi atakuambia pia kwamba njia hiyo haikutoka Ulaya. Kwenye vilima vya Burundi wapo tangu zamani abashingantahe, wazee wa haki, wanaoketi kusikiliza magomvi ya mashamba, ya ndoa na ya damu. Hakimu wa namna hiyo humwacha kila mmoja amalize, hata akitukana. Kisha humgeukia wa pili. Wakoloni waliwadhoofisha na serikali za kijeshi zikajaribu kuwateua zenyewe, lakini kumbukumbu ya kikao chao haikufa, na mtoto wa kijijini aliyefika seminari alikuwa amekiona. Mikutano ya Buta ilikuwa na sala ya Kikristo mwanzoni na mwishoni, ila mwendo wake ulikuwa wa kilimani.

Mikutano peke yake ingewachosha. Padre Bukuru anataja na mambo mengine ambayo wasomi wa amani huyapita haraka: sala ya pamoja, michezo, ngoma. Ngoma hasa. Burundi ni nchi ya ngoma kubwa za kifalme, zile za umbo la kinu zinazobebwa kichwani na ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Huwezi kuzipiga ukiwa na kinyongo na mwenzako wa kushoto, maana mikono inafuatana, na ukichelewa nusu ya pigo kila mtu anasikia. Vijana waliocheza na kuruka pamoja hadi jasho likawatoka walirudi kwenye mkutano wa jioni wakiwa wepesi kidogo wa kusikiliza.

Nje, duara lilizidi kubana. Tarehe 30 Septemba 1995 wamisionari watatu wa Kiitalia, mapadre Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert, waliuawa Buyengero, ndani ya jimbo hilohilo la Bururi. Mwezi Julai 1996 Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara kwa uamuzi uliofikiwa Arusha. Mwalimu Nyerere alikuwa ndiye mpatanishi. Tarehe 9 Septemba mwaka huo Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliuawa njiani. Waasi wa Kihutu walishuka na kupanda kusini kutoka mpakani na ziwani. Kila mwalimu wa Buta alijua shule iko njiani mwao.

Mwezi Aprili 1997, baada ya Pasaka, wanafunzi wa madarasa ya juu walifanya mafungo. Gombera wao amesimulia kwamba walitoka humo wakiwa na furaha isiyo ya kawaida, wakizungumza juu ya wema wa Mungu kama watu waliokutana naye. Hatuna haja ya kuyatia mapambo maneno hayo. Walikuwa vijana waliozungukwa na vita, walikuwa wamepewa siku chache za kimya na za kufikiri juu ya kifo na upendo, na walizitumia.

Tarehe 30 Aprili, siku moja baada ya kutimia miaka 25 tangu yale ya 1972 yaanze, saa kumi na moja na nusu alfajiri, waasi walivamia. Waliingia katika bweni la wakubwa. Taa hazikuwa zimewashwa, vitanda vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na vijana walijificha chini yake. Wakaamriwa watoke na wajitenge. Katika bweni hilo, kama mtu angetii, Mhutu alikuwa na nafasi kubwa ya kuona jua linachomoza. Waasi wenyewe walikuwa Wahutu. Amri ilirudiwa. Hakuna aliyesogea. Basi risasi zikapigwa kwenye kundi zima, na maguruneti yakarushwa, na waliokufa walikuwa wa makabila yote mawili, wamelaliana.

Majeruhi waliofanikiwa kumfikia gombera walimpa taarifa ambayo ameirudia maisha yake yote. Walimweleza kwamba wameamriwa kutengana, na kwamba hawakutengana. Kwao hiyo ilikuwa habari ya ushindi. Wengine, kabla ya kukata roho, waliwaombea msamaha waliowapiga.

Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 18 Machi 1997, jambo kama hilo lilikuwa limetokea Rwanda, katika shule ya sekondari ya Nyange. Ilikuwa jioni, wanafunzi wako darasani wakijisomea. Wavamizi wakawataka wajitenge Wahutu na Watutsi. Jibu walilolipata ni kwamba humo kuna Wanyarwanda tu. Sita waliuawa, na wa saba akafa miaka michache baadaye kwa majeraha ya usiku ule. Rwanda imewaweka wanafunzi hao, wafu na wazima, katika daraja la mashujaa wa taifa linaloitwa Imena, na kila tarehe 1 Februari wanakumbukwa. Nyange na Buta hazikuwa na mawasiliano yoyote ninayoyajua. Ziko nchi mbili, zinazungumza lugha mbili zinazosikilizana, na katika majira hayohayo ya mvua watoto wao walitoa jibu moja.

Tofauti ni kwamba Rwanda ilikuwa na serikali iliyotaka kuwatangaza. Burundi ilikuwa bado vitani na ingebaki vitani kwa miaka mingi. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya Nyerere kufariki na Nelson Mandela kuichukua kazi yake, na hata baada ya hapo mapigano yaliendelea. Kwa hiyo kumbukumbu ya Buta ilibaki mikononi mwa Kanisa na wazazi. Vijana 40 walizikwa seminarini kwao. Mahali hapo pakawa pa hija. Padre Bukuru mwenyewe alichukua njia ya umonaki, na maisha ya kimonaki yakaanzishwa hapohapo Buta, ili pawe na watu wa kusali kila siku karibu na makaburi. Seminari haikufungwa. Watoto wapya waliingia, wakalala katika mabweni, wakafanya mitihani. Nawafikiria wazazi wa miaka ile ya mwanzo, wale waliofunga sanduku la bati la mtoto wao na kumpeleka Buta wakijua kilichotokea. Hakuna kitabu kilichowaandika, nao ni sehemu ya historia ya taasisi hii kama walivyo maaskofu.

Tarehe 7 Mei 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza ibada katika Koloseo, Roma, kuwakumbuka mashahidi wa imani wa karne ya ishirini. Miongoni mwa shuhuda za Afrika zilizosomwa jioni hiyo ulikuwapo wa mseminari wa Buta aliyenusurika. Huko Ulaya jina la kijiji hicho lilisikika kwa mara ya kwanza na wengi. Huku kwetu limechelewa. Waulize wanafunzi wa seminari zetu za Kaengesa, Likonde au Itaga, na nadhani wengi watakutajia upesi zaidi mashahidi wa Uganda wa mwaka 1886 kuliko vijana hawa wa Buta, waliokufa wakati wazazi wa wanafunzi hao wa leo wakiwa shuleni.

Ndani ya Burundi kwenyewe, kumbukumbu ni uwanja wenye miiba. Watutsi wengi wana tarehe zao za Oktoba 1993. Wahutu wengi wana Aprili na Mei 1972, ambayo Tume ya Ukweli na Maridhiano imeifukulia makaburi ya halaiki, na ambayo bunge mwishoni mwa mwaka 2021 liliitangaza kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kila upande una haki ya kuwalilia wafu wake, na wafu hao ni wa kweli. Lakini mara nyingi anayeomboleza upande mmoja huonekana na wa pili kama anayechochea. Buta imetoka nje ya mgawanyo huo. Haiwezekani kuyagawa makaburi yake. Mzazi wa Kihutu na mzazi wa Kitutsi wanasimama hapo kwa msiba mmoja, kwa tarehe moja, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba wake ulikuwa malipo.

Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri vijana hao, pamoja na wale watatu wa Buyengero na Padre Michel Kayoya, mshairi na mwandishi aliyeuawa Gitega mwezi Mei 1972. Kwa hiyo katika kundi moja wamo waliouawa na jeshi la Watutsi na waliouawa na waasi wa Kihutu, na maaskofu wamewapa jina moja, wafiadini wa udugu. Nauona uchaguzi huo kuwa wa ujasiri, kwa sababu unazikatalia pande zote mbili nafasi ya kuwatumia.

Swali gumu limebaki kwa wanateolojia. Kwa desturi, mfiadini ni aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Waasi wa Buta hawakumtaka yeyote aikane Ekaristi au amkane Kristo. Waliwataka wajitenge. Je, kukataa kumkana ndugu ni kukiri imani? Waliokuwapo Buta hawana shaka, maana ndivyo walivyofundishwa miaka mitatu mfululizo: kwamba meza ya Bwana inayowaunganisha asubuhi haiwezi kuvunjwa usiku. Na Kanisa limekuwa likienda upande huo. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, ofisa wa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Aliuawa mwezi Julai 2007 kwa sababu alikataa hongo ili aruhusu mchele ulioharibika uuzwe kwa watu. Ni kosa la kiraia alilokataa kulitenda, katika ofisi ya serikali, na Kanisa limemhesabu kuwa mfiadini. Kama uaminifu wa mkaguzi wa mchele ni ushuhuda wa imani, mlango wa vijana wa Buta umeachwa wazi.

Kazi iliyopo sasa ni ya kukusanya. Mchakato wa aina hii hudai mashahidi waliokula kiapo, na hudai maandishi: barua walizoandika nyumbani, madaftari, insha, picha za darasa, kadi za ripoti. Walionusurika bwenini sasa wana miaka arobaini na zaidi, na wengine wameondoka Burundi kwa sababu ya vita na kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa ya mwaka 2015. Wapo Warundi Kigoma, Bukavu, Nairobi, Brussels na Montréal waliosoma Buta, au waliokuwa na kaka aliyesoma Buta, na ambao kwenye sanduku la mama yao kuna barua ya mwaka 1996 yenye mwandiko wa kijana wa miaka kumi na saba. Barua hiyo inahitajika. Jimbo la Bururi lipo, maparokia yote yanajua namna ya kulifikia, na hata nakala ya ukurasa mmoja, yenye tarehe na jina, inaweza kuwa na uzito ambao aliyeihifadhi hakuwahi kuufikiria.